Pikapu mpya mbona inakunywa mafuta hivi?

Wadau, swali hili naulizwa sana hapa Mwanza, na safari hii limemkuta mjomba wangu kabisa, kwa hiyo nimeamua niliandike lote mahali pamoja.

Mwaka 2024 mjomba alichukua mkopo akanunua pikapu ya dizeli, mpya, nailoni bado kwenye viti. Kazi yake ni samaki na barafu kati ya Sengerema na mwalo wa Kirumba. Muuzaji alimwonyesha karatasi: lita 7.7 kwa kilometa 100. Kwa lugha yetu ya sheli hiyo ni kilometa 13 kwa lita (chukua 100 ugawe kwa 7.7). Wiki ya pili anapiga hesabu anakuta 9.2. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 120, kwa hiyo badala ya lita 9 na kidogo anachoma 13. Zidisha kwa siku 24 za kazi, ni kama lita 91 za ziada kwa mwezi. Tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, hapo ni kama 274,000. Mwenye marejesho ya benki anaelewa hiyo namba inaumaje.

Sasa kabla hujamvaa muuzaji, jua kwanza ile karatasi inatoka wapi. Namba za kiwandani hazipimwi barabarani. Gari linawekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya chumba, linaendeshwa kwa ratiba. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilikuwa cha dakika 20 hivi na kilometa 11, wastani wa mwendo kama kilometa 34 kwa saa, kiyoyozi kimezimwa, mzigo hakuna. Yaani hakuna Mkuyuni saa kumi na mbili jioni, hakuna kreti za sato! Watafiti wa ICCT walilinganisha karatasi na hali halisi kwa magari madogo ya Ulaya, wakakuta tofauti imepanda kutoka kama asilimia 9 mwaka 2001 hadi kama 40 mwaka 2015. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2017 Ulaya walianza kutumia kipimo kingine, WLTP, kirefu zaidi na chenye mwendo mkali zaidi. Hata hicho bado ni cha maabara.

Na kuna wanaodanganya kabisa. Mwaka 2016 Mitsubishi ya Japani ilikiri kuchezea vipimo vya mafuta vya magari madogo kama 625,000, mengine yakiuzwa kwa jina la Nissan. Waliogundua ni Nissan wenyewe, walipima wakaona namba haziendani. Lakini usianze na hiyo. Mara nyingi kisa kipo kwako.

Anza kwa kupima vizuri, maana geji na kile kioo cha dashibodi si vya kuaminika sana. Jaza fulu tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze hata tone. Rudisha saa ya safari kwenye sifuri. Piga kazi kama kawaida mpaka tenki liishe nusu au zaidi, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze mpaka ijikate. Kilometa gawanya kwa lita ulizoweka. Fanya mara tatu, mara moja haitoshi. Risiti ya EFD tunza, itakusaidia mbele.

Tulipopima ya mjomba tukakuta mambo ambayo hata yeye yalimshangaza. La kwanza, matairi. Alibadilisha akaweka makubwa ili gari "lisimame", eti lionekane la kazi. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 5, kila mzunguko linaenda mbali zaidi ila saa ya gari haijui, inaendelea kuhesabu kama mwanzo. Tulilinganisha na simu yenye GPS, kweli saa inapunja. Kwa hiyo ile 9.2 ilikuwa kama 9.7. Sehemu ya hasara ilikuwa kwenye saa, haikuwa kwenye tenki.

La pili lilinichekesha ila mjomba hakucheka. Dereva wake aliweka foo wili siku ya matope huko mwaloni, akaisahau. Akawa anatembea nayo kwenye lami kavu siku zote! Kwa pikapu nyingi hiyo inakula mafuta na pia inabana gia na ekseli, lami haitelezi kwa hiyo magurudumu yanavutana. Kuitoa tu ikapanda hadi 10 na ushee.

Tatu, Kigongo. Kipindi kile ilikuwa kivuko, unasubiri foleni na kiyoyozi kinaunguruma. Injini ya dizeli ya pikapu ikisimama inawaka inaweza kula kama lita moja kwa saa, na kilometa unazopata ni sifuri. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilometa 3 unavuka fasta, na hapo mjomba aliona tofauti bila kugusa kitu.

Halafu mwendo. Kutoka 80 kwenda 110, upepo unaokuzuia unakaribia mara mbili, na pikapu kwa umbo lake ni kama kusukuma kabati. Upepo wa matairi pia, ukiwa mdogo gari linavuta. Hayo mnayajua.

Mafuta machafu je? Zamani wizi mkubwa ulikuwa kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa ya bei chini. EWURA walianza kuweka kinasaba mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, faida ikapungua. Ukihisi umepunjwa lita, nenda Wakala wa Vipimo na risiti zako. Kama ni ubora au bei, ni EWURA, ambao hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.

Ukishapitia yote hayo na bado uko mbali sana na karatasi, ndipo urudi kwa muuzaji, ukiwa na vipimo vitatu vya fulu tenki na garantii mkononi. Mjomba alirudi. Walimsafishia chujio la hewa, lilikuwa limejaa vumbi. Sasa hivi yuko kama 11 akiwa na mzigo. Ile 13 hajawahi kuiona, na matairi yake makubwa amekataa kuyatoa.