Mwandiko wa Plato Huko Butiama

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akazikwa huko mwaka 1999. Na mwaka huo huo wa kifo chake makumbusho yake yalifunguliwa kijijini hapo. Atokaye Kampala hupita Busia, Kisumu na Sirari hadi Musoma, kisha Butiama haiko mbali. Picha, zawadi na vyombo vya nyumbani havina haja ya kutukawiza. Makumbusho ya wakuu wa nchi hufanana kote. Kinachomstahili mwalimu wa Kiswahili ni karatasi alizoziandika Mwalimu kwa mkono wake: tafsiri ya Jamhuri, kitabu cha Plato.

Wengi twamjua mfasiri huyu kwa tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari (1963) na Mabepari wa Venisi (1969). Tamthilia humsaidia mfasiri, kwani watu huonekana wakigombana na kuuana. Plato hana msaada huo; kwake mna hoja tupu. Hoja yenyewe kuu ni haki, na hapo ndipo penye kazi. Kwetu mtu hudai haki yake, hakimu hutoa haki, na dola husemwa kuwa ina haki. Neno ni moja, maana zaachana. Mfasiri hana budi kuyapima hayo sentensi kwa sentensi.

Fikra hizo Nyerere alizianza hapa petu, Makerere, alikosomea ualimu kuanzia 1943 hadi 1945. Akiwa mwanafunzi alishinda shindano la uandishi kwa insha kuhusu kutiishwa kwa wanawake, akiipima jamii yake ya Wazanaki kwa mawazo ya John Stuart Mill. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, kama yalivyokuwa baadaye kule Edinburgh.

Basi, wazee wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili vinywani mwa askari, hasa enzi za Amin (1971–1979). Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo mzazi bado huuliza: mwanangu atawaza nini kwa lugha ya kambini? Sheria haimjibu mzazi huyo. Ningependa aonyeshwe karatasi zile za Butiama, ambamo Sokrate anauliza kwa Kiswahili haki ni kitu gani, na wenzake wanashindwa kumjibu.