Magofu ya Tongoni na Jicho la Msafiri

Magofu ya Tongoni, yaliyoko kusini ya mji wa Tanga kando ya barabara iendayo Kigombe katika Wilaya ya Muheza na hatimaye Pangani, ni mabaki ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapatayo 40. Baadhi yake ni makaburi ya nguzo, yaani makaburi yaliyozungushiwa ukuta wa mawe ambao juu yake husimama nguzo ndefu, na hakuna mahali pengine katika mwambao wa Afrika Mashariki palipokusanya makaburi mengi ya namna hiyo.

Mji uliokuwa hapo Tongoni uliitwa Mtangata. Aprili 1498 merikebu ya São Rafael, mojawapo ya zile za baharia Mreno Vasco da Gama, ilikwama katika mafungu ya mchanga karibu na hapo, na wenyeji wakawaendea Wareno kwa vyombo vyao, kimojawapo kikiwa kimesheheni machungwa. Wareno waliipa jina la merikebu hiyo milima waliyoiona bara, ambayo ni Usambara ile ile inayoutazama mji wa Muheza. Na Januari 1499, walipokuwa wakirejea kwao huku mabaharia wengi wakiwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa ufizi unaotokana na kukosa matunda na mboga, waliichoma moto merikebu hiyo papo hapo, kwa kuwa hawakubaki watu wa kutosha kuiendesha.

Mwaka 1857 alifika Richard Burton, Mwingereza ambaye miaka minne kabla alikuwa amepita katika majangwa ya Uarabuni hadi Madina na Makka. Katika kaburi moja aliona kigae cha Uajemi chenye maandishi, na ni rahisi kuelewa kwa nini kigae hicho kilimvuta kuliko ukuta uliokizunguka. Wasafiri wengi wa zama zake waliona kila jengo la mawe la pwani kuwa kazi ya wageni.

Lakini ukuta huo una ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu waliojenga. Mawe yake, kama yale ya msikiti, ni matumbawe ya pwani hiyo hiyo: yale ya nchi kavu yalijengea kuta, na yale laini, yaliyokatwa baharini yangali mabichi kisha yakakauka na kuwa magumu, yalichongewa mihrabu na fremu za milango. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, na dari zilishikiliwa na boriti za mikoko. Nguzo za makaburi, ambazo ni mtindo wa mwambao huu na si wa Shirazi ya Uajemi, zilipambwa kwa bakuli za China, na leo katika nguzo kadhaa yamebaki mashimo ya mviringo tu, kwa maana bakuli zimekwisha kubanduliwa.

Haifai, hata hivyo, kuzipuuza nasaba za Washirazi, yaani wadaio asili ya Uajemi, zinazohifadhiwa na wazee wa pwani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa kwa mifupa ya kale kutoka miji kama Manda, Mtwapa na Songo Mnara, umeonyesha kuwa upande wa kikeni asili ilikuwa ya Afrika kwa sehemu kubwa mno, na upande wa kiumeni mara nyingi ilikuwa ya Uajemi. Wageni walikuja, wakaoa, wakazikwa. Bali fundi aliyeijua pumzi ya tanuri la chokaa na ugumu wa tumbawe alikuwa mtu wa Mtangata, na kazi yake ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza na kila afikaye Tongoni.