Damu Isiyoibwa: Historia Fupi ya Selimundu



Miaka ya kwanza ya upadre wangu nilimzika mtoto aliyefariki kwa usiku mmoja tu. Alipauka ghafla na tumbo likavimba. Makaburini nilisikia bibi yake akitajwa kwa minong'ono kuwa ndiye aliyeinywa damu hiyo. Nikanyamaza, na jambo hilo hunisuta hadi leo.

Mtoto yule alikuwa na selimundu. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu (jina lenyewe lasema) na kukwama katika mishipa midogo. Mara nyingine bandama huzuia damu nyingi kwa saa chache, nayo moyo ukaikosa. Damu imo mwilini, haikuibwa. Tena mishipa ya ubongo huathirika: kwa watoto huziba wakapooza, kwa watu wazima yaweza kupasuka, damu ikavujia ndani.

Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizo mwaka 1910, alipozikuta katika damu ya kijana kutoka Grenada. Lakini swali la nani amemletea mtoto ugonjwa lilijibiwa karibu nasi zaidi. E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia tunayopakana nayo hapa Tunduma, alichunguza familia za huko. Mwaka 1949 yeye, na James Neel huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa mgonjwa amerithi kwa baba na kwa mama pia. Wazazi hao huwa wazima, wala hawajui walichobeba. Basi anayemlaumu mama peke yake amesahau nusu ya habari.

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini urithi huo umeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko milimani: aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali.

Kwetu Tanzania, Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa utaratibu, chini ya Profesa Julie Makani. Na huko Jamaika wazazi walifundishwa jambo dogo: kupapasa chini ya mbavu za kushoto za mtoto, na bandama ikikua, kumkimbiza hospitali aongezewe damu. Vifo vya namna hiyo vilipungua sana.