Ganda la Korosho

Wareno walijenga ngome Kilwa Kisiwani mwaka 1505, na katika karne hiyohiyo wakaleta pwani yetu mti wa Brazili: mkorosho. Hata neno kanju tumelirithi kwao. Historia yake husimuliwa kwa bei na mavuno. Mimi nataka tulitazame ganda. Ndani yake mna mafuta mazito yenye asidi ya anakadi na kadoli, yanayobabua ngozi. Viwandani hutengenezea breki za magari na rangi.

Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangulia, kimoja mjini Lindi. Vingi vilikuja kufungwa, na korosho ghafi zikawa zinasafirishwa India. Ubanguaji wa nyumbani ukabaki, hasa kwa wanawake. Kinga yao ni kupaka mikono majivu au mafuta kabla ya kazi, kutogusa macho, kisha kunawa kwa sabuni. Anayechoma hukaa upande unakotoka upepo, kwani moshi huwasha macho na kifua. Glavu ni bora zaidi.

Sokoni korosho hupangwa kwa weupe na uzima wake. Vidole vilivyobabuka havimo katika hesabu.