Gari la Moshi la Hijaz: Chuma Kilichonunuliwa kwa Sadaka

Hujaji aliyekwisha kuuzuru Msikiti wa Mtume (s.a.w.), akapata wasaa wa kutembea mpaka mtaa wa Anbariya, huliona hapo jumba kubwa la mawe lililojengwa zama za Waturuki. Hapo ndipo palipokuwa stesheni ya reli ya Hijaz, na leo ni makumbusho. Vimewekwa pale vichwa vya gari la moshi vya zamani, vikasafishwa na kupakwa rangi. Aghlabu ya wageni hupiga picha zao wakaenda zao. Ni haba wajuao kwamba chuma kile babu zao Waislamu walikichangia, mwenye lira kwa lira yake na mwenye peni kwa peni yake.

Kabla ya reli hiyo, msafara wa mahujaji wa Sham ulikuwa ukitoka Dameski juu ya ngamia na kufika Madina baada ya siku kama 40. Njiani palikuwa na kiu, maradhi na wanyang'anyi, na wengi walioaga watu wao hawakurudi. Mwezi wa Mei 1900, Sultani Abdulhamid wa Pili alitangaza kwamba itajengwa reli kutoka Dameski mpaka Madina, na kutoka Madina mpaka Makka. Mabenki ya Ulaya hayakuombwa mkopo. Sultani alifungua daftari kwa mchango wake mwenyewe, watumishi wa serikali wakakatwa mishahara, ngozi za wanyama wa udhia zikauzwa, na michango ikaja kutoka Misri, Bara Hindi na kwingineko. Waliotoa sana walipewa nishani. Theluthi moja hivi ya gharama ilitoka katika michango ya Waislamu, na iliyobaki ikapatikana kwa ushuru na hazina ya dola.

Katika miaka hiyo hiyo ilikuwa ikijengwa reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Nyanza Desemba 1901. Miongoni mwa waliotandika mataruma yake walikuwamo Waislamu wengi wa Punjabi. Lakini fedha zake zilitoka katika hazina ya Uingereza, na makusudio yake yalikuwa ya utawala na biashara. Reli hizi mbili ni za rika moja, ila kila moja ilizaliwa kwa nia yake. Hata upana wake haulingani: ya Uganda ni milimita 1,000 na ya Hijaz ni milimita 1,050, kwa kuwa Wafaransa walikwisha jenga kwa kipimo hicho reli ya Beirut na Dameski. Kwa tofauti hiyo ya upana wa vidole vitatu, kichwa cha Hijaz hakiwezi kukanyaga reli ya Uganda, wala cha Uganda hakiwezi kukanyaga ya Hijaz.

Kazi ilisimamiwa na mhandisi Mjerumani, Heinrich August Meissner, aliyepewa cheo cha Pasha. Mikono iliyochimba na kujenga ilikuwa hasa ya askari wa Kituruki. Sehemu ya mwisho, iliyokaribia Madina, ilifanywa na Waislamu watupu, na msimamizi wake alikuwa Haji Mukhtar Bey. Reli ilifika Maan mwaka 1904, Tabuk 1906, na Madina 1908, ikafunguliwa rasmi tarehe 1 Septemba mwaka huo. Jumla ya masafa ni kilomita 1,300 hivi. Safari ya siku 40 ikawa ya siku tatu.

Vichwa vyenyewe viliagizwa zaidi kutoka viwanda vya Ujerumani, kama Krauss, Henschel, Jung na Hartmann. Vilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini nchi ile haikuwa na huruma navyo. Kichwa cha gari la moshi ni mnyama wa maji kabla ya kuwa mnyama wa moto. Maji yasipotosha ndani ya boila, yaani lile pipa kubwa la chuma linalochemshiwa maji, mabomba huungua na pipa laweza kupasuka likaua watu. Huko Hijaz maji ni machache, na hata yapatikanapo aghlabu yana chumvi, ambayo huganda ndani ya mabomba kama ukoko wa sufuria. Kwa hiyo mabehewa ya matangi ya maji yalifungwa nyuma ya kichwa, na dereva akahesabu maji yake kama msafiri wa jangwani anavyohesabu kiriba. Makaa ya mawe nayo yaliletwa kwa meli kutoka ng'ambo mpaka Haifa. Na mchanga uliingia katika kila kiungo chenye mafuta. Pamoja na dhiki zote hizo, mahujaji walibebwa. Palitengenezwa hata behewa la kusalia, lenye mnara mdogo, na Tabuk pakawekwa karantini ili maradhi yasisambae.

Karakana kubwa ya kusini ilijengwa Madain Saleh, na jambo hili halifai kupitwa hivi hivi. Hapo ndipo Hijr, maskani ya Thamud, watu wa Nabii Saleh (a.s.), walioangamizwa kwa kumchinja ngamia. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alipopita hapo akielekea Tabuk, aliwakataza masahaba wasiingie katika maskani ya watu wale ila hali ya kulia, akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo. Waliokwisha kukanda unga kwa maji ya visima vile waliamrishwa wawalishe ngamia, na wateke katika kisima alichokuwa akinywa yule ngamia wa Nabii Saleh. Basi mahali palipoamrishwa kupita haraka, ndipo vichwa vya Hijaz viliposimama siku kwa siku vikitengenezwa na kunyweshwa maji! Wajenzi walikuwa na udhuru wao, kwani palikuwa na maji na uwanda tambarare. Leo mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008, banda la karakana limetengenezwa upya, kichwa kimoja kimehifadhiwa ndani yake, na stesheni imeingizwa katika hoteli ya kifahari. Kwenda kutazama kwa mazingatio ni jambo moja. Kufanya pale mahali pa starehe na vicheko ni jambo jingine, na Muislamu anajua adabu aliyofundishwa.

Miaka ya kazi iliyokusudiwa ilikuwa michache mno. Mwaka 1909 Sultani aliondolewa katika kiti. Reli haikuendelea mpaka Makka, kwani Sharifu wa Makka aliona ndani yake mkono mrefu wa Istanbul, na Mabedui waliokuwa wakikodisha ngamia waliona riziki yao inakatwa. Wengi wamewalaumu Mabedui hao, lakini mtu aliyerithi kazi moja tu kwa baba na babu haridhiki kwa kuambiwa kwamba mashine ni bora kuliko yeye. Ilipasa watafutiwe fungu.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Meli za makaa hazikuweza tena kufika, vichwa vikalishwa kuni. Miti ilifyekwa katika Sham na Palestina, mizeituni ikiwamo, na tawi la reli likajengwa mpaka Shawbak kwa ajili ya kubeba magogo tu. Juni 1916 Waarabu waliasi dola, na kwa msaada wa Waingereza wakawa wanazilipua reli na madaraja kwa baruti. Vichwa vilivyonunuliwa kwa sadaka za Waislamu vikapinduliwa na Waislamu, vikiendeshwa na Waislamu. Ndani ya Madina, Fakhri Pasha alishikilia mji mpaka Januari 1919. Chakula kilipopungua aliwatoa wenyeji kwa gari la moshi, wakapelekwa Sham pasipo hiari yao, na wengine hawakuyaona tena makaburi ya wazee wao. Mwaka 1917 amana za Chumba cha Mtume (s.a.w.) zilipakiwa katika reli hiyo hiyo zikaenda Istanbul.

Baada ya vita nchi ziligawanywa na reli ikakatwa vipande. Hapo likazuka suala la kisheria: mali iliyotolewa kwa ajili ya mahujaji ni ya nani? Wakfu, kama ajuavyo msomaji, hauuzwi, haupewi mtu zawadi wala haurithiwi. Katika mkutano wa Lausanne, Januari 1923, Uingereza na Ufaransa zilikiri kwamba reli hiyo ina sura ya kidini, na zikakubali liwekwe baraza la Waislamu la kutoa nasaha. Baraza halikupata nguvu. Upande wa kusini wa Maan safari zilififia katika miaka ya 1920 na kukoma. Katika miaka ya 1960 kazi ya kuifufua ilianzwa. Vikaja vita vya 1967, na baadaye kazi ikaachwa.

Waliohifadhi vichwa hivi si wafalme. Dameski, katika karakana ya Qadam, mafundi waliendelea kuvitengeneza hata baada ya viwanda vilivyovitoa kuacha kazi hiyo. Hapakuwa na mahali pa kununua kifaa; walikata chuma na kukifua wenyewe, kijana akifundishwa na mzee. Kwa namna hiyo vichwa vya zaidi ya miaka 100 viliweza kupanda bonde la Barada vikiwa na abiria mpaka mwanzo wa karne hii. Makumbusho yalifunguliwa hapo mwaka 2008. Vita vilivyoanza Syria mwaka 2011 viliifikia Qadam, na karakana ikapata madhara makubwa. Amman nako, shirika la reli limetunza vichwa vilivyonunuliwa katika miaka ya 1950 kutoka Uingereza, Ubelgiji, Ujerumani na Japani, na baadhi yake vimekuwa vikitolewa kwa matembezi kwenda Jiza, kusini ya mji.

Mwaka 2018 ilifunguliwa reli ya umeme ya Haramain baina ya Makka na Madina, yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Sehemu ya njia ambayo vichwa vya moshi havikujaliwa kuifika sasa hupitwa kwa muda wa saa mbili hivi. Na kaskazini ya Madina, upande wa Buwayr na Hadiyya, vingali vipo vichwa ambavyo hakuna aliyevichukua. Reli zimeng'olewa, mataruma yake ya chuma yamekuwa nguzo na mapaa ya nyumba za wenyeji, na vyenyewe vimebaki mchangani kwa kuwa ni vizito mno kubebwa.