Taa ya Injini: Kutoka Los Angeles Hadi Newala

Leo tunaongelea ugonjwa wa magari unaomaliza hela za watu kuliko gari lililokufa kabisa: ule wa kuja na kuondoka. Gari limetoka Masasi vizuri, limepanda ukingo wa uwanda wa Makonde na abiria wake, halafu kabla ya kufika Newala injini inazima ghafla. Watu wanashuka, wanakaa kivulini chini ya mkorosho. Baada ya nusu saa dereva anapiga stata, na injini inawaka kana kwamba haikuwa na kitu. Kesho yake gereji, fundi haoni tatizo lolote. Basi anaanza kubahatisha: badilisha pampu ya mafuta, badilisha koili, badilisha plagi. Hela inaondoka, ugonjwa unabaki.

Kwa nini? Kwa sababu fundi anafika tukio likiwa limeshapita, kama mwanahistoria tu. Bila kumbukumbu, atabaki na hadithi. Na kumbukumbu hiyo ipo ndani ya gari lenyewe. Ila chanzo chake kiko mbali sana na Mkoa wa Mtwara.

Julai 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, moshi mzito uliufunika mji wa Los Angeles, Marekani. Macho yaliwasha kiasi kwamba wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi ya sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa mhusika mkubwa ni moshi wa magari unaopigwa na jua. Sheria zikaanza kubana, na kabureta, iliyopima petroli kwa kukadiria, ikaonekana haitoshi. Mwaka 1976 Volvo ilitoa gari lenye sensa ya oksijeni ya Bosch kwenye bomba la moshi. (Sensa hii si ile ya kuhesabu watu!) Ilipima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuipa kontroli boksi taarifa ya kurekebisha mafuta.

Likaja swali jipya: sensa ikifa kimyakimya, nani atajua? Dereva anaendelea na safari huku gari linachafua hewa. Kufikia 1981 magari ya General Motors ya petroli huko Marekani yalikuwa na kompyuta yenye taa ya kuonya na kumbukumbu ya makosa. California ikalifanya jambo hilo kuwa sheria kuanzia magari ya modeli ya 1988. Mwaka 1996 Marekani yote ikaleta mfumo mmoja wa soketi na namba za makosa, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Unaona? Taa ile iliwekwa kwa ajili ya mapafu ya watu wa Los Angeles. Fundi wa Newala amefaidika kwa bahati.

Na amefaidika nusu. Magari mengi yanayofika kwetu yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambako sheria ya Marekani haikufika. Ndiyo maana unaweza kuchomeka mashine ya kupimia ya bei rahisi kwenye gari la Kijapani la miaka ya 1990, isiongee nalo kabisa. Toyota nyingi za wakati huo zina njia yake: kiboksi cha vituo vya umeme chini ya boneti. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyokonyeza. Mara mbili, kituo kifupi, mara mbili tena: 22, njia ya sensa ya joto la maji. Moja kisha tatu: 13, taarifa ya mzunguko wa injini imekatika injini ikiwa inatembea. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa.

Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, gari lenye kituo cha TE2 lina zawadi zaidi. Ukiunganisha TE2 na E1 kabla ya kufungua swichi, kompyuta inaongeza umakini na kukamata hata mguso wa waya unaokatika kwa kitambo kidogo. Unaendesha hivyo, ikibidi mpaka mlimani kwenyewe, kisha unasoma kwa TE1. Angalizo: gari lisipotembea, itatokea 42 ya sensa ya spidi. Hilo si kosa, usikimbilie dukani!

Halafu namba inataja njia, haitaji kifaa cha kununua. Sensa nyingi za mzunguko ni koili ya waya mwembamba wa shaba na sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Waya wa koili ukiwa na ufa, joto la mlima linautanua na umeme unakatika. Ikipoa, ncha zinagusana tena. Ndiyo siri ya kile kivuli cha mkorosho. Kwa hiyo ipime kwa mita ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto. Shaba ikipata joto, ukinzani hupanda kidogo, kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukiruka hadi mwisho wa mita, umempata mwizi. Usiporuka, tikisa soketi na nyaya huku ukiangalia mita, maana mtikisiko na vumbi la barabarani navyo ni watuhumiwa.

Sasa lililo muhimu kuliko yote. Kumbukumbu hii kwenye magari hayo inaishi kwa umeme wa betri. Kuchomoa betri, au fyuzi ya EFI, kunaifuta. Na hicho ndicho kitu cha kwanza wengi wanachofanya: "ngoja tuchomoe betri kidogo, itakaa sawa." Taa inazima, mteja anafurahi, na ushahidi pekee wa kilichotokea mlimani umekwenda. Gari lako likizima halafu likawaka, mwambie fundi asome kwanza na aandike namba kwenye karatasi. Betri ichomolewe baadaye.