Nani Alituchagulia Filamu?

Kabla simu haijaanza kutupendekezea filamu, walikuwapo watu waliofanya kazi hiyo. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Tanga, ulitengeneza filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki. Safura, mmomonyoko wa udongo, akiba ya posta: mada zilichaguliwa na wakubwa.

Vibanda vya video vilileta mchaguzi mwingine. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akifafanua, akitania, akiongeza maoni yake. Nilikokulia, Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, mchimbaji aliyetoka shimoni aliuliza kwanza, "Imetafsiriwa na nani?" Jina la msimuliaji lilitosha kumshawishi alipe kiingilio.

Leo napata filamu fupi na katuni za kila nchi mtandaoni, ila anayenichagulia hana jina. Kanda za wasimuliaji nazo zinachakaa majumbani. Zikipotea, tutakumbuka filamu zilizotufikia, lakini hatutajua wazazi wetu walizielewaje.